Kofia ya mkono ikifuliwa mara ya kwanza inabana: tatizo ni kitambaa, uzi au mkono wa mshonaji?

#1 BintiMchangani
Salamu wakuu. Nina kofia ya viua, ile ya matundu madogo yaliyozungushiwa uzi, ninayomshonea mume wangu kwa ajili ya Idi. Duara la juu limeisha, ubavu umebaki kama robo. Bafta nyeupe tabaka mbili, uzi wa pamba mweupe. Shida iko hivi: ile niliyomshonea mwaka jana ilimkaa vizuri siku ya Idi, ikafuliwa mara moja, na tangu hapo inakaa kwenye utosi tu, haishuki. Anaivaa nyumbani kwa kunisitiri. Sitaki na hii iende huko. Mama jirani anasema ni kitambaa, shoga yangu anasema navuta mno uzi, fundi wa mtaani anasema kofia zote ndivyo zilivyo. Nani mkweli hapo? Na wenye kazi za msimu mikononi, tupieni tuone mmefika wapi.

#2 Sindano_Butu
Naweka mkeka hapa. Yangu ni ya Idi ya mwaka juzi na duara halijafika nusu, kwa hiyo suala la kufua bado halinihusu.

#3 Cherehani_Tanga
Ni kitambaa, sina shaka. Bafta ikitoka kiwandani imetiwa wanga na imevutwa ili ikae bapa dukani. Ukiiloweka, wanga unatoka na nyuzi zinarudi zilikotaka kuwa tangu mwanzo. Pamba ambayo haijaona maji kupungua asilimia 3 ni jambo la kawaida, na zipo zinazozidi hapo. Piga hesabu: kichwa cha sentimita 57, asilimia 3 yake ni sentimita 1.7. Kwenye shati huioni. Kwenye kofia ndiyo tofauti ya kukaa kwenye paji na kukaa kwenye utosi. Loweka kitambaa usiku kucha, kifue kwa maji ya moto, anika, piga pasi, ndipo ushike mkasi. Huyo mama jirani msikilize.

#4 mtoto_wa_langoni
Cherehani, heshima yako ipo, lakini wewe ni mtu wa mashine. Huku Lamu kitambaa kinafuliwa kabla ya kukatwa na bado kofia inabana. Tazama kiua kinavyotengenezwa. Hukati. Unachomeka ncha ya chuma, nyuzi za kitambaa zinasogea pembeni, tundu linafunguka. Kisha unazungushia uzi kwenye ukingo, na kila mzunguko unazifunga zile nyuzi zibaki pale pale ziliposogezwa. Tundu moja halili kitu. Lakini kofia ina mamia ya matundu, na kwenye mchoro mzito yamebanana hadi huoni kitambaa kati ya moja na jingine. Kwa hiyo kofia inapungua ingali mkononi mwako, maji yanakuja kumalizia tu.

Dawa: ubavu usiukate kwa kipimo cha kichwa. Ukate mrefu, shona viua vyote, ufue, ndipo umpime mwenye kichwa na kuunga.

#5 Mzee_wa_Kibaraza
Mnajihangaisha. Kofia mpya lazima ibane. Ikikaa laini siku ya kwanza, baada ya miezi miwili ukirukuu inakutangulia kwenye mkeka. Zamani tulikuwa tunamwambia mshonaji aikaze makusudi. Jasho litaifungua. Mumeo aivae.

#6 BintiMchangani
Mzee shikamoo. Ameivaa mwaka mzima wa jasho la Unguja, haijaachia hata kidogo.

#7 Sindano_Butu
Labda ni kichwa kilichokua. Hajapandishwa cheo karibuni?

#8 MfumajiNyeri
Hamjambo. Mimi si mtu wa kofia, nafuma vitambaa vya makochi na meza. Nimeanza mapema seti ya Krismasi, nyeupe yenye ukingo mwekundu, maana nikingoja Novemba wateja wote wanakuja pamoja. Nawasikiza mkizozana kuhusu kitambaa na viua na hakuna aliyeuliza inakaushwa vipi. Kazi ya mkono ikitoka majini haina umbo. Mimi nakilaza kitambaa juu ya godoro dogo, nakivuta kwa vidole hadi kipimo ninachotaka, nakipiga pini ukingo wote, na kinakauka hivyo. Yale maua yanayosimama kama bakuli nayachovya kwenye maji ya sukari na kuyavika bakuli lililofunikwa. Dada, hiyo kofia mnaianika wapi?

#9 BintiMchangani
Kwenye kamba. Kwa kibanio.

#10 MfumajiNyeri
Basi umejijibu.

#11 Pwani_Mjini
Ya kukausha nakuunga mkono, ya sukari hapana, usimponze dada wa watu. Mjomba wangu alitiliwa sukari kwenye kofia na mke mgeni wa mambo haya. Ijumaa, khutba inaendelea, mzee anajikuna, anajipapasa, mara sisimizi wanashuka kwenye shingo ya kanzu. Aliyekaa nyuma yake hakusikia neno la khutba. Tumia wanga wa muhogo, uji mwepesi kabisa, na tone la buluu ili weupe ung'ae. Halafu ivike kofia kwenye kopo la maziwa ya unga au bakuli linalolingana na kichwa. Wanaofua kofia kwa biashara hawaianiki kofia bila kitu ndani.

#12 MfumajiNyeri
😂 Nyeri kuna baridi, sisimizi wetu hawana nguvu hizo.

#13 Kipimajoto
Hakuna aliyegusa uzi. Uzi wa pamba si mmoja. Kuna uliopitishwa kwenye soda kali, njia ambayo Mwingereza John Mercer aliisajili mwaka 1850: pamba inavimba, inapata nguvu, inashika rangi vizuri. Baadaye wakagundua kwamba ukiivuta ikiwa kwenye hiyo soda inapata na mng'ao. Uzi wa namna hii umemaliza sehemu kubwa ya kusinyaa kwake kiwandani. Nyuzi za kudarizi za DMC, ile kampuni ya Mulhouse, Ufaransa, iliyoanza 1746, ni za kundi hili: kibunda kina mita 8, nyuzi sita unazoweza kuzitenganisha.

Uzi rahisi ambao haukupitia huko utasinyaa baada ya kushona, na kila kiua kitajifunga kidogo. Uzi wa poliesta nao hausinyai kabisa, kwa hiyo kitambaa kikirudi ndani uzi unabaki na urefu wake na kazi inaota mikunjo. Dada, uzi wako ni upi?

#14 mtoto_wa_langoni
Nyuzi sita kwenye kiua? Utaziba tundu lenyewe. Ni uzi mmoja, mwembamba.

#15 Kipimajoto
Nimesema zinatenganishwa.

#16 BintiMchangani
Uzi nilinunua Darajani, hauna karatasi, hauna jina. Haung'ai. Na kitambaa kusema kweli sikukifua, nilikipiga pasi tu.

#17 Cherehani_Tanga
Kesi imefungwa. Lakini ngoja, swali moja: ubavu uliukata kwa kufuata urefu wa jora au upana wake?

#18 BintiMchangani
Urefu. Upana ungenilazimu kuunga vipande.

#19 Cherehani_Tanga
Hapo ndipo. Nyuzi za mtande, zile za urefu wa jora, ndizo zinazovutwa kwa nguvu wakati wa kufuma. Za mshindio, zile za upana, zinapitishwa zikiwa zimelegea kuliko hizo. Ukifua, mtande ndio unaorudi zaidi. Wewe mzunguko wa kichwa cha mume wako umeuweka wote juu ya mtande. Ukikata kwa upana utaunga sehemu moja au mbili, mshono utauficha nyuma, lakini kofia itatulia.

#20 Pwani_Mjini
Na ukikata kwa mshazari?

#21 Cherehani_Tanga
Mshazari unanyooka ovyo. Hiyo ndiyo kofia ya Mzee wa Kibaraza, inayotangulia kwenye mkeka.

#22 Mzee_wa_Kibaraza
Nawaona.

#23 DamuYaMzee_Kampala
Naingilia kidogo. Nina kanzu ya shughuli ya kwanjula, yaani kujitambulisha ukweni, ile yetu ya Buganda yenye udarizi wa rangi ya damu ya mzee shingoni na kifuani. Kazi ya shingo imeisha, nikaisuuza kuondoa alama za penseli, rangi ikachujia kwenye kitambaa cheupe. Shughuli ni mwisho wa mwezi. Nimeambiwa niloweke kwenye chumvi. Ni kweli?

#24 Kipimajoto
Chumvi haitaifunga rangi ambayo tayari iko kwenye uzi. Chumvi husaidia wakati wa kutia rangi, si baada ya hapo. Usiiache ikauke na usipige pasi. Maji baridi mengi, sabuni kidogo, suuza tena na tena mpaka maji yawe meupe, na doa lenyewe liwe na maji muda wote. Uzi ambao hujajaribu, kata kipande, kiloweshe, kiweke juu ya kitambaa cheupe kabla hujaanza kazi.

#25 DamuYaMzee_Kampala
Asante. Naenda kwenye beseni sasa hivi.

#26 BintiMuttrah
Assalaam alaykum. Huku Oman kofia ni hii hii, twaita kumma, na hakuna mwanamume wa hapa asiye nayo. Matundu tunaya­toboa vile vile na kuyazungushia vile vile. Mama yangu anafua kila kumma ikishaisha, kabla ya kumpa mwenyewe, ili ibane ikiwa bado mikononi mwake. Kazi yenyewe ilitoka huku ikaja kwenu na majahazi.

#27 Pwani_Mjini
Ilitoka wapi tena? Dada, hiyo ilitoka Unguja ikaja kwenu. Kofia hizi zilishamiri enzi za Seyyid Barghash, miaka ya 1850, Wamanga wakazipenda wakaenda nazo.

#28 Mzee_wa_Kibaraza
Rekebisha tarehe kwanza. Miaka ya 1850 alikuwapo Seyyid Said mpaka alipofariki 1856, kisha Majid. Barghash alikaa kwenye kiti 1870 mpaka 1888. Kuhusu kofia, mimi nimewaona kwa macho yangu waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine walioitika Sultan Qaboos aliposhika nchi 1970. Walishuka Muscat na sindano zao na michoro yao. Hiyo si kusema kwamba huko hakukuwa na kofia kabla yao.

#29 BintiMuttrah
Bibi yangu hakuwahi kutia mguu Unguja na alikuwa anashona.

#30 Bint_Ngazidja
Na sisi Wangazija mnatuweka wapi? Kofia ya mkono kwetu ndiyo inayomkamilisha bwana kwenye harusi kubwa, na mwanamke anaishona kwa miezi. Mabaharia wetu walikuwa wanaingia Unguja na Lamu kila msimu. Mnadhani walikuja vichwa wazi?

#31 mtoto_wa_langoni
Wote mmetoka nazo huku kwetu Pate na Siyu, ila hamtaki kusema.

#32 Sindano_Butu
Jamani, mimi yangu ilitoka kichwani mwangu na ndiyo maana haifanani na za kwenu.

#33 Cherehani_Tanga
Mkimaliza kugawana bahari mturudishe kwenye kitambaa. Na kama ni historia, basi ulizeni hicho kitambaa kilitoka wapi. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 mpaka 1865, nguo nyingi ya pamba isiyopaushwa iliyokuwa inashuka Unguja ilitoka viwanda vya Massachusetts, kwa meli za Salem. Vita vikaikatiza, nguo ya Uingereza na ya Bombay ikachukua nafasi.

#34 Lushi_243
Bandugu, jambo. Miye niko Lubumbashi, upande wa mama tunatoka Kasai. Nasoma hii yote nacheka. Kwa Bakuba wa huko Kasai wanaume ndio wanafuma kitambaa cha rafia (nyuzi za majani ya mti wa jamii ya mnazi), wanawake wanadarizi. Kitambaa kinatwangwa kwenye kinu mpaka kilainike, bila hivyo sindano haipiti. Halafu hakuna penseli. Mchoro uko kichwani mwa mama anayeshona. Anapitisha uzi wa rafia chini ya nyuzi za kitambaa, hafungi fundo, anaukata juu kwa kisu kidogo, vipande vinasimama vifupi vifupi, ukipitisha mkono ni laini kama mahameli. Tante yangu yuko na kimoja anakishika tangu masika ya mwaka jana, kila Jumapili mistari kidogo. Kubana hatujui kwa sababu hatufui.

#35 mtoto_wa_langoni
Bila kuchora mstari mnanyooshaje?

#36 Lushi_243
Haunyooki. Unaanza na pembe ndogo, ukifika katikati unaona inakuchosha, unageuza mchoro mwingine. Mtu akija kununua anapenda hapo hapo palipogeuka.

#37 Sindano_Butu
Nimepata watu wangu.

#38 BintiMchangani
Mrejesho. Nimefanya jambo: duara la juu, kwa kuwa halijaungwa, nimelilaza kwenye karatasi nikazungushia penseli, nikalifua peke yake kwa maji ya vuguvugu na kulilaza juu ya taulo, sikuligusa. Leo limekauka nimelirudisha kwenye karatasi. Upande mmoja linagusa mstari vizuri. Upande mwingine limeingia ndani, jumla yake kama nusu sentimita. Limekuwa yai.

#39 Cherehani_Tanga
Kipenyo cha kofia ya 57 ni sentimita 18 na kidogo. Asilimia 3 yake ni nusu sentimita. Niseme nini tena? Huo upande uliopungua ni mtande. Angalia ukingo wa ndani, nyuzi utaziona.

#40 mtoto_wa_langoni
Usiharakishe. Dada, viua vimekaaje kwenye duara? Vimetapakaa sawasawa?

#41 BintiMchangani
Ni nyota ya pembe nane, ila pembe mbili zinazotazamana nilizirefusha na kuzijaza. Na ndiyo, pembe hizo ndizo zilizo upande uliopungua.

#42 mtoto_wa_langoni
Alhamdulillah.

#43 Cherehani_Tanga
Umefurahia nini? Hizo pembe amezishona juu ya mtande!

#44 mtoto_wa_langoni
Nimefurahi kwa sababu viua viko hapo hapo.

#45 Kipimajoto
Kwa hiyo jaribio moja limewapa ushindi wote wawili. Ilibidi akate duara jingine la bafta hiyo hiyo, tupu, na kulifua pamoja na hili. Tupu likiwa yai pia, Cherehani kashinda. Likibaki duara, ni viua au uzi, na hapo tungeanza upya mimi na Langoni. Kipande kidogo tu, dada.

#46 BintiMchangani
Kaka, nina futari ya watu saba kila jioni na robo ya ubavu haijashonwa. Bafta iliyobaki mtoto kaifanya kanzu ya mwanasesere.

#47 MfumajiNyeri
Na hakuna kati yenu aliyejibu ya kukausha. Amelilaza kwenye taulo bila pini. Angelipiga pini kwenye ule mstari wa penseli lingekauka duara. Lirudishe majini, lipige pini, tuone.

#48 Cherehani_Tanga
Litakauka duara, likifuliwa tena litarudi yai.

#49 MfumajiNyeri
Si atalipiga pini tena? Mimi vitambaa vyangu napiga pini kila nikifua. Ni kazi ya nusu saa.

#50 Pwani_Mjini
Mwanamume wa wapi atakayeipiga pini kofia yake? Kopo la maziwa linatosha.

#51 BintiMuttrah
Mimi naona afue duara mara ya pili, limalize kusinyaa lote, kisha ubavu aufuate ukubwa wa duara jinsi litakavyokuwa. Mama yangu huwa hapimi kichwa mpaka mwisho.

#52 BintiMchangani
Nimeamua: ubavu nitaumaliza, nitaufua, nitaufanyia haya ya dada wa Muttrah, na kama haufiki nitaongeza kipande nyuma. Duara nitalipiga pini. Penseli niliyochorea viua imetoka lakini imeacha kivuli cha kijivu kwenye pembe moja, nilikuwa naikandamiza.

#53 Mzee_wa_Kibaraza
Mwaka ujao mchoro uchore hafifu, hata ukiinama usiuone vizuri. Na kazi ikae kwenye mfuko wa kitambaa safi, toa kipande unachoshona tu. Kofia nyingi zinachafuka mikononi kabla ya kuvaliwa. Hata hivyo nasema ile ya zamani bado inahitaji jasho.

#54 DamuYaMzee_Kampala
Doa limepungua sana, limebaki wekundu kama wa chai nyepesi chini ya kola. Koti litafunika. Asante Kipimajoto.

#55 Sindano_Butu
Hongereni. Mimi nimehesabu: Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Nikingoja vya kutosha, Idi itakutana na kasi yangu.

#56 Mgeni_Kigoma
Nimesoma uzi wote leo. Nahitaji kofia za viua, dazeni moja, za ndugu wa bwana harusi. Sherehe ni Idi Mosi. Nani anauza na bei gani?

#57 mtoto_wa_langoni
Dazeni? Ndugu, kofia moja ya mkono ni miezi, na mshonaji hashoni usiku taa ikiwa hafifu. Kwa muda huo tafuta za mashine, zimejaa. Ukitaka ya mkono, lipa nusu sasa, uje Mfungo Sita wakati wa Maulidi, utaikuta.

#58 Mgeni_Kigoma
Basi hata moja, ya bwana harusi. Hata iliyoanzwa. Ile ya Sindano_Butu hauzi?

#59 Sindano_Butu
Nauza. Niletee kipimo cha kichwa, ila mwambie bwana harusi asibadilishe kinyozi mpaka nimwite.